Bweha wa Kwenye Kalenda Hakuwa Akicheka

Soweto, Moshi
Jumapili, 13 Desemba 1998

Mpendwa Dada Doris,

Shikamoo dada. Kabla ya yote naulizia hali yako na ya nyumba yako yote huko Songea. Goti lako linasemaje na baridi ya huko? Na Shemeji Gidioni, ile homa iliyomlaza mwezi wa kumi imemwachia? Watoto wamefunga shule salama? Sisi tu wazima. Wifi yako Apolonia amerudi kanisani sasa hivi, anavua viatu mlangoni, na ameniambia nikuandikie salamu zake kwanza kabla sijasahau kama kawaida yangu.

Wazazi wenu kule Mkuu hawajambo. Mama Mkubwa Zita alitolewa mtoto wa jicho, na sasa anaona vizuri kuliko sisi sote. Kazi yake ni kuzunguka nyumba akionyesha vumbi ambalo hakuliona miaka yote. Baba Mkubwa mgongo unamsumbua, lakini kila asubuhi yumo kihambani. Migomba iliyolazwa na zile mvua kubwa imechipua tena. Wanunuzi wa kahawa siku hizi wanakuja mpaka mlangoni, kila mmoja na mizani yake, na mzee hamwamini hata mmoja.

Barua yako niliipata. Unasema mwalimu mwenzako alitoka likizo huku akaja na kalenda ya kampuni ya Primus, kwamba watoto wa darasa lako wameipenda ile picha ya mtoto wa bweha anayecheka, mpaka wamempa jina. Unanipongeza mimi mdogo wako kwa kuipiga, na unataka nikutumie kubwa uibandike ukutani darasani.

Dada, sikutumii. Picha ile sikuipiga mimi, na yule bweha hakuwa akicheka.

Najua Primus ni mdogo wako wa tumbo moja. Wewe ndiye uliyembeba mgongoni mama alipokuwa sokoni, na mimi ni mtoto wa baba yenu mdogo tu. Ndiyo maana nimechelewa kukujibu. Nashika kalamu naiweka. Lakini kila nikiiona ile picha mate yananijaa mdomoni, kama mtu aliyekunywa maziwa yaliyoharibika, na siwezi kukuacha uiweke mbele ya watoto wa watu bila kujua. Nitakueleza kama ilivyokuwa.

Unajua tangu kila mtu aruhusiwe kufungua biashara yake, nusu ya Moshi imekuwa ya kupeleka wageni mlimani na mbugani. Primus hakubaki nyuma. Ana magari, ana ofisi yenye feni, ana mashine ya faksi inayolia siku nzima. Mwezi wa tisa mawakala wake wa Ulaya walimwambia wamechoka na picha za simba na tembo, kila kampuni inazo. Wakataka kalenda ya wanyama wadogo, wale ambao mgeni hawaoni kirahisi. Akaja studio kuniomba kwa Mzee Rajendra.

Mzee Rajendra unamkumbuka, ndiye aliyekupiga picha ulipokuwa unakwenda chuo cha ualimu. Amezeeka sana, lakini studio bado ni yake na macho bado ni yake. Alinipa ruhusa, akanipa na lenzi yake ndefu ambayo huwa haigusi mtu, imeviringishwa kwenye taulo kama mtoto mchanga.

Nikatoka na Filemon, dereva wa Primus, kijana wa Kibosho anayeimba nyimbo za kwaya njia nzima. Tulikwenda upande wa magharibi, kupita Sanya Juu, mpaka kwenye zile nyanda za chini ya Ngare Nairobi. Majani yalikuwa yamekauka, ya njano, yanafika magotini. Mwanzoni tulitafuta kijinga. Tulizunguka na gari, tukaona vumbi letu wenyewe na mikia ya wanyama wanaokimbia. Basi nikamwambia Filemon alizime gari mbali, nikaenda kulala kifudifudi nyuma ya kichuguu, na sweta la Apolonia shingoni kwa baridi.

Jua lilipoanza kupasha, niliona kwenye majani kitu kama majani mawili meusi ya mgomba mchanga, yamesimama. Nikashangaa mgomba umefikaje huku. Kisha yale majani yakageuka, yote mawili kwa pamoja, yakanielekea. Yalikuwa masikio.

Huyu ndiye bweha masikio. Si mkubwa, dada, labda paka aliyeshiba. Miguu myeusi kama amevaa soksi, uso mdogo, na masikio makubwa kuliko uso. Anainamisha kichwa mpaka karibu na udongo, anasimama kimya anasikiliza, halafu anachimba upesi upesi. Anawasikia mchwa wakitembea chini ya ardhi. Hao ndio chakula chake, mchwa na wadudu wa kwenye mavi ya ng'ombe. Hali kuku wa mtu wala mbuzi wa mtu.

Siku zilizofuata nikalijua shimo lao. Mama anatoka kutafuta chakula, baba anabaki. Analala mlangoni pa shimo na watoto wanampanda mgongoni, wanamng'ata masikio, wanaanguka, wanapanda tena, naye ametulia. Miaka yote nimewapiga picha akina baba kwenye ubatizo na kipaimara. Nawaambia mshike mtoto, baba, mshike vizuri, nao wanamshika kama kiroba cha mbolea. Huyu hakuwa na mpiga picha wa kumfundisha.

Nilipiga. Niliporudi nilisafisha filamu mwenyewe kwenye chumba cha giza. Ipo moja, bweha amekaa kati ya majani, mlima kwa mbali kama moshi, na jua limepita ndani ya masikio yake mpaka mishipa ya damu inaonekana. Mzee Rajendra alivaa miwani akaitazama kwa muda mrefu. Kesho yake nikakuta ameitia kwenye fremu ameitundika pale wateja wanapochania nywele. Katika kazi yangu yote sijapata sifa kubwa kuliko hiyo.

Primus alipoiona aliishika kwa vidole viwili. Akaniambia, "Melki, hapa naona majani. Mnyama yuko wapi?"

Alitaka uso ujae ukurasa. Nikamweleza kwamba yule si mnyama wa kusogelewa, anipe muda wanizoee, nitasogea kidogo kidogo. Akasema wakala hasubiri bweha azoee watu.

Jumamosi yake akaja mwenyewe kunichukua, Filemon akiwa kwenye usukani, pamoja na Kornel, mmoja wa waongozaji wake wa mlimani. Nilidhani anataka kupaona. Nyuma ya Landrova niliona jembe, koleo, kiroba na kipande cha tairi bovu. Nikauliza vya nini. Akasema barabara ina mchanga, tunaweza kukwama.

Tulipofika walishuka kama watu wanaojua wanachofanya. Kornel akaziba tundu la pili la shimo kwa koleo. Kile kipande cha tairi wakakiwasha moto wakakisukuma kwenye tundu la kwanza, wakapepea moshi uingie ndani kwa kofia. Dada, unajua harufu ya mpira unaoungua, ile inayokaa kooni. Nilimshika Primus mkono nikamwambia aache, humo ndani kuna watoto. Akasema ndio anaowataka.

Baba yao alitoka kwanza, anakohoa, manyoya yamekuwa meusi. Akakimbia hatua chache akageuka kusubiri afukuzwe. Walipokuwa hawamfukuzi alirudi karibu, akakimbia tena huku anachechemea kama aliyeumia, ili tumfuate yeye. Kornel alicheka mpaka akashika mbavu. Filemon alikaa ndani ya gari, mikono juu ya usukani, anatazama mbele.

Wakachimba. Watoto wakatolewa mmoja mmoja kwa ngozi ya shingo, wameloa mkojo wa woga, macho yanachuruzika. Primus alichagua yule mwenye manyoya safi zaidi. Aliwachagua kama anayechagua nyanya sokoni, anageuza huku na huku. Akamfunga mguu wa nyuma kwa uzi wa nailoni wa kuvulia samaki, akaufunga uzi kwenye kijiti, akakifunika kijiti kwa majani. Akamweka juu ya kichuguu, juani.

Mtoto akajaribu kwenda, uzi ukamrudisha akaanguka. Akajaribu tena. Saa sita ya jua la pale unaijua, halina kivuli. Mwisho akakaa, akafungua mdomo, ulimi ukatoka, midomo ikavutika nyuma kwa kiu.

"Angalia anavyocheka," Primus akasema. "Piga."

Nikafunika lenzi kwa kifuniko chake. Nikamwambia, "Sipigi."

Akanitazama kana kwamba nimemtukana mbele ya wageni. Akaniuliza kama najua nimekuja kule kwa gari la nani. Nikaiacha lenzi vile vile imefunikwa. Basi akatoa kamera yake mwenyewe, ile aliyonunua Dubai inayojipimia mwanga yenyewe, akatandika leso yake chini ili suruali isichafuke, akapiga magoti. Akawa anapiga vidole na kumtupia vijiwe pembeni ili atazame juu. Alipiga mpaka filamu ikaisha na kamera ikaanza kuirudisha nyuma yenyewe.

Yule mtoto akalala ubavu. Primus akamgusa kwa ncha ya kiatu. Alikuwa amekufa. Kornel akamkata uzi, akamshika kwa sikio, akamtupa kwenye majani kama mtu anavyotupa ganda la ndizi.

Sasa hapa ndipo ninapokwama kila ninapotaka kusimulia. Primus alifungua kikapu cha chakula. Kulikuwa na kuku wa kukaanga na chapati. Akavitandika juu ya boneti akala, kwa vidole vile vile, bila kunawa, na mifupa akaitupia mlangoni pa shimo. Mafuta yalimtiririka mpaka kwenye saa yake. Akaniita, "Melki, njoo ule, kuku atapoa." Nilikwenda nyuma ya gari nikatapika, na nilipoinua kichwa niliona masikio yale mawili yamesimama kwenye majani, pale alipotupwa mtoto.

Wale watoto wengine waliachwa hapo kando wamelundikana. Niliwarudisha shimoni, nikaanza kufukua tundu kwa mikono kwa sababu lilikuwa limebomoka. Filemon alishuka akaja kunisaidia. Primus alipiga honi mpaka tukaingia garini. Kile kiroba kilikuwa miguuni pake na kimefungwa, na mimi, kwa hali niliyokuwa nayo, sikukiangalia.

Kalenda ikatoka mwezi wa kumi na moja. Umeiona. Chini ya picha wameandika "Picha: Melkior Tarimo." Nilikwenda ofisini kwake kumuuliza. Akasema mawakala wanapenda jina la mpiga picha wa kazi, na kwamba amenitangaza Ulaya nzima halafu nakuja kumnunia. Aliagiza niletewe soda.

Huwezi kujua inavyochukiza kusifiwa kwa uchafu. Padre alinipa mkono mlangoni pa kanisa. Watu wa jumuiya walinipigia makofi. Mteja mmoja alikuja studio na mtoto wake anataka apigwe picha akiwa ameachama kama yule bweha. Nilimpiga, nikanawa uso, nikaendelea na kazi.

Mzee Rajendra naye alikuwa ameitundika kalenda juu ya meza yake kwa sababu ya jina langu. Nilimsimulia yote jioni tulipokuwa tunafunga. Unajua wao nyumbani kwake hawali nyama, nilitegemea atanigombeza kwa kukubali kwenda. Aliishusha kalenda, akaikunja, akaitia kwenye ndoo ya taka chini ya sinki. Akasema, "Mimi nimepiga picha za maiti, Melkior, nyingi tu, kwa sababu ndugu zao waliniomba. Lakini nilisema ni maiti." Akanawa mikono kwa sabuni mpaka nikafikiri ngozi itatoka.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi ule ilikuwa kipaimara cha Avelina wa Primus, kule Mkuu. Ulituma salamu, zilisomwa, ahsante. Nyumba ilijaa. Mbuzi wapo, machalari ya ndizi na nyama yapo, pombe ya mbege ilikuwa nzuri. Nilipoingia sebuleni nikakuta kalenda ukutani chini ya picha ya Moyo Mtakatifu, imefunguliwa kwenye mwezi wa yule mtoto wa bweha. Nikajisemea nitakula kidogo na kuondoka mapema.

Lakini Baba Mkubwa alisimama na kata ya mbege mkononi. Alisema familia yetu imekuwa na wakulima na walimu, lakini jina letu halijawahi kuchapishwa Ulaya. Akataka nisimame niwaeleze wageni nilivyompata yule mnyama mpaka akacheka. Alikuwa na furaha kweli, dada, na furaha yake ndiyo iliyonichanganya zaidi. Primus alikuwa amekaa karibu naye anatabasamu, ananionyesha kwa kichwa kwamba nisimame.

Ningeweza kusema maneno mawili ya uongo nikakaa. Niliyatafuta. Sikuyapata. Nikasema kwamba picha si yangu, kisha nikasimulia kama nilivyokusimulia wewe, tairi, uzi, jua, na kuku. Nilifika mwisho. Mama Mkubwa aliweka sahani chini. Shangazi mmoja, sitamtaja, alisema kwa sauti kwamba nimekuja kumharibia mtoto sherehe kwa ajili ya mbwa wa porini.

Primus hakukataa hata moja. Hilo ndilo lililonishinda. Alicheka, akasema, "Ni bweha tu, jamani. Na mmoja ninaye nyumbani Rau, anakula nyama kila siku kuliko watoto wa watu."

Baba Mkubwa hakuuliza juu ya tairi wala uzi. Alimgeukia akamwuliza taratibu, "Chakula ulikula hapo hapo? Na mikono ile ile?"

Primus akasema ndiyo, walikuwa na njaa.

Mzee akanywa mbege kidogo. Kata ilikuwa inazunguka kulia kwake, na kulia kwake ndiko alikokaa Primus. Aliunyoosha mkono kumpita, akampa kata aliyefuata. Kila aliyeketi pale aliona. Primus alibaki na mkono wake umenyooshwa hewani, kisha akajifanya anatengeneza tai.

Usifikiri nilifurahi. Nilitamani ardhi inimeze. Ni sherehe ya mtoto, na Avelina alikuwa analia chumbani na gauni lake jeupe.

Kesho yake, Jumapili, nilikwenda Rau. Nilikuwa nimejiandaa kumwambia Primus kwamba asiponipa yule mnyama nakwenda ofisi ya maliasili, ndugu au si ndugu. Nyuma ya jiko lake kuna banda la kuku la zamani. Harufu nilikutana nayo getini. Ndani kulikuwa na maji ya kijani, nyama iliyooza inatembea funza, na mavi juu ya mavi. Yule bweha alikuwa amekaa kwenye kona, manyoya ya ubavu mmoja yamepukutika, sikio limechanwa na waya. Juu ya banda wameandika kwa rangi nyekundu maneno ya kukaribisha wageni. Kumbe wageni wote wanaosubiri kupanda mlima wanaletwa pale kumpiga picha, na kila kamera inapolia anatupiwa kipande cha nyama ili asigeuke.

Primus alitoka na kandambili, hajanawa uso. Nilianza hotuba yangu ya maliasili. Hakuningoja nimalize.

"Mchukue," akasema. "Ananuka. Wageni wenyewe wameanza kulalamika." Akaongeza kwamba mwakani atapata mwingine mdogo zaidi, na atamjengea kwa saruji ili pawe rahisi kuosha.

Basi hivyo ndivyo nilivyompata, dada. Hakumtoa kwa aibu ya jana wala kwa kumheshimu baba yenu. Alimtoa kama mtu anayetoa taka. Na hilo la mwakani ndilo linalonifanya nikuandikie wewe. Mimi ameacha kunisalimia, mzee ameacha kumtaja, Mama Mkubwa analia tu. Wewe alikuwa anakusikiliza hata alipokuwa hasikilizi viboko. Mwandikie, au ukipata nauli mje Krismasi, umweleze kwa maneno yako. Mimi maneno yangu yameisha, na nikimwona nakumbuka mafuta ya kuku kwenye saa yake.

Mzee Rajendra alituazima pikapu yake, na Filemon akaendesha siku yake ya mapumziko, bila nyimbo. Tulimpeleka yule bweha pale pale kwao. Mvua za vuli zilikuwa zimenyesha kidogo, majani yameanza kuwa kijani. Shimo lao lilikuwa tupu, buibui wametanda mlangoni. Nilipofungua boksi alitoka, akanusa, akaenda moja kwa moja kulala chini ya pikapu. Tukamsubiri. Alipochungulia nikaona nimpige picha moja ya kumuaga. Kamera ilipolia tu, akatoka mbio mpaka miguuni pangu, akakaa, akainua uso kusubiri nyama.

Filemon aliondoka akaenda kusimama mbali. Mimi nilikaa chini kwenye tope. Nilijisikia mchafu mwili mzima, mpaka ile kamera shingoni nilitaka kuitupa.

Tukarudi naye Soweto. Apolonia alimpokea kwa masharti, na masharti yake ni kwamba atanuka kule ua wa nyuma tu. Lakini ndiye aliyekwenda kuchimba mchwa kwenye ukingo wa shamba la jirani na kuwafukia kwenye udongo wa ua wetu, ili ajitafutie. Tukaacha kumpa kitu mkononi. Siku za kwanza alilia njaa huku amekaa mbele ya mlango. Nilikuwa nazima redio nimsikie, halafu naiwasha nisimsikie. Kisha asubuhi moja Apolonia aliniita dirishani. Bweha alikuwa amechimba shimo katikati ya mchicha wake Apolonia, udongo umejaa puani.

Alhamisi hii iliyopita tulirudi naye kule. Ilikuwa imenyesha usiku kucha na kumbikumbi walikuwa wanatoka ardhini kila mahali, mbawa zao zinameta. Nilimfungulia boksi nikasimama. Alitutazama, akatazama pikapu. Halafu kitu kilimwita chini ya ardhi. Yale masikio, lile zima na lile lililochanika, yakageuka yote mawili kwa pamoja yakaelekea udongoni. Akanyata, akasikiliza, akachimba. Akatafuna. Akasogea mbele akachimba tena, na majani yakaanza kumficha.

Akafika mahali jua likamwangukia kwa nyuma. Kamera ilikuwa shingoni, lenzi ndefu ipo, mlima umefunguka wote mpaka theluji. Ninavyojua kazi yangu, ile ndiyo picha ambayo mtu huisubiri maisha. Niliiinua mpaka jichoni. Nikakumbuka kwamba ikilia tu atarudi mbio kwangu.

Nikaishusha. Nikarudi kinyumenyume, polepole, mpaka mgongo ukagusa pikapu. Filemon hakuwasha injini. Tuliisukuma kwanza mteremkoni, mbali, ndipo akaiwasha.

Sijui kama atapona na mvua au na fisi. Sijui kama wale wake wanamkumbuka. Najua tu kwamba hakugeuka.

Nisalimie sana Shemeji Gidioni, watoto wote, na yule mwalimu mwenzako, usimlaumu kwa kalenda. Apolonia anasema atakutumia unga wa ndizi kwa mtu wa kwanza atakayekuja huko. Mama Mkubwa anakuombea kila jioni kwenye rozari, na mimi naitikia. Mungu aiangalie nyumba yako, awape Krismasi ya amani na chakula cha kula kwa mikono safi.

Ni mimi ndugu yako nikupendaye sana,
Melkior